Pikapu ya Mkwe na Mkamwana

Ackson wa Msasani, ule mtaa wa Tukuyu, alikuwa na masikio mawili kama watu wengine, ila yeye aliyatumia. Siku hiyo ya soko alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha duka la mbolea mjini Tukuyu, akisubiri mvua ipungue na wajinga waongezeke, aliposikia pikapu ikipanda kilima kabla hajaiona. Ilikuwa inakohoa. Ilikohoa, ikanyamaza, ikapata kwikwi, kisha ikaendelea kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Inavuta hewa," alijisemea. "Chini ya kabureta."

Na alikuwa sahihi. Hili ni vizuri lisemwe mapema, kwa kumtendea haki: Ackson alikuwa fundi mzuri. Angeweza kabisa kuishi kwa ufundi wake. Lakini ufundi una ubaya mmoja, kwamba gari likishapona mwenyewe anaondoka nalo. Ackson alipenda zaidi gari lipone baada ya mwenyewe kuondoka.

Pikapu ilisimama mbele ya soko. Ilikuwa ya zamani hasa, rangi ya maziwa yaliyoungulia, na taa zake mbili za mviringo ziliipa uso wa mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mafundi vijana wa mjini, waliozoea kuchomeka kompyuta, waliizunguka wakitafuta pa kuchomeka, wakakosa, wakatangaza kuwa haitibiki. Moyo wa Ackson ukaruka. Kulikuwa na mwenye hoteli mmoja Mbeya aliyekuwa akimsumbua kwa simu kila siku, anataka pikapu ya namna hiyohiyo ya kubebea maharusi. Sharti lake lilikuwa moja tu, isikohoe kwenye video.

Aliyeshuka kwenye usukani alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa gambuti na kanga mbili, anaitwa Elina. Alianza kushusha mikungu ya ndizi.

"Shikamoo, dada," alisema Ackson. "Pole na mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa yupi?"

"Huyu." Akaweka viganja juu ya boneti taratibu, kama anayempima mtoto homa. "Yuko hivi tangu lini?"

"Tangu mvua zianze. Fundi wa kwanza alisema ni plagi. Wa pili akasema ni petroli chafu. Wa tatu akasema niombe."

"Ukaomba?"

"Niliomba. Ikazimika mbele ya kanisa."

Ackson alitikisa kichwa kwa uchungu mkubwa. Kutoka kwenye sanduku lake la spana alitoa kile kipimo cha madaktari cha kusikilizia moyo. Alikipata wapi, tusiulize. Daktari aliyekipoteza naye hajauliza. Akakitia masikioni, akakigusisha kwenye injini inayounguruma, akafumba macho. Watu watatu waliokuwa wakinunua nyanya walisogea. Mmoja alivua kofia.

"Silinda ya tatu," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Imepasuka moyo."

"Silinda ina moyo?"

"Hiyo ndiyo shida ya mafundi wengine, dada. Hawajui." Akachukua leso nyeupe, akaiweka kwenye ekzosi, akairudisha nyeusi. Gari lolote la umri ule lingetoa leso nyeusi, na hata gari jipya lingejitahidi. "Unaiona? Damu ya injini. Hii haina miezi. Ina safari kadhaa tu."

Elina alikaa juu ya mkungu wa ndizi. "Usiniambie hivyo, kaka. Ijumaa natakiwa kufikisha maparachichi Kiwira. Nisipofikisha, nafasi yangu kwenye kikundi cha wakulima anapewa mwingine, na wanaoisubiri ni wengi. Nimehangaika na ile miche tangu ikiwa na urefu wa kidole."

"Ndiyo maana nasema iuze ikiwa bado inapumua. Mimi naichukua kwa bei ya chuma chakavu, ili nikusaidie tu. Ikishakufa hata chuma watakataa."

"Siwezi kuuza peke yangu. Gari ni langu na la baba mkwe. Mume wangu Jacob alipokwenda Chunya machimboni alisema mmoja asiuze bila mwingine."

"Basi kaongee na mzee."

Elina alimtazama kama aliyeambiwa akaongee na Mlima Rungwe. "Niongee na baba mkwe? Wewe kwani si wa huku?"

Ackson alikuwa wa huku, ila wa mjini. Alikumbuka taratibu, kama mtu anayekumbuka somo la shule. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawapiti njia moja. Mzee akitokea huku, mama anapita kule. Akikutwa uwanjani, anajificha nyuma ya mgomba au anakimbia. Si ugomvi. Ni heshima, na ina kazi zake. Mjini mila hiyo imechakaa, lakini kwa Mzee Nsajigwa wa Kinyala, baba mkwe wa Elina, ilikuwa bado ina rangi yake.

"Sasa habari mnapelekeana vipi?"

"Jirani yetu Mama Esnath ndiye mtu wa kati. Lakini ameenda Mbeya, binti yake amejifungua."

Ackson alinyamaza. Kuna ukimya wa huzuni, na kuna ukimya wa mtu aliyeona pochi katikati ya barabara. Wenye mali wawili wasiosemezana, na mjumbe yuko Mbeya analea mjukuu! Hata katika ndoto zake nzuri hakuwahi kupangiwa hivi.

"Dada Elina," alisema, mkono kifuani, "mila ndiyo mzizi wa mtu. Anayecheza na mila hata gari lake haliwaki. Niruhusu mimi niwe mtu wenu wa kati."

*

Mchana huo walifika Kinyala, pikapu ikikohoa kila kona. Mzee Nsajigwa alikuwa amekaa mbele ya nyumba, miguu juu ya kigoda, koti la mvua mabegani. Elina alishukia nyuma, jikoni. Kati yao ilisimama nyumba nzima, na kuizunguka nyumba ile ndiko kulikokuwa kazi mpya ya Ackson.

"Ugonile, mzee," alisalimu kwa Kinyakyusa chake cha sokoni, akapiga goti.

"Ndaga," aliitikia mzee, akikitazama kipimo shingoni mwake. "Wewe ndiye daktari wa magari?"

"Ndimi, mzee wangu. Nimeletwa na huzuni. Mkamwana wako anasema amechoka. Anasema gari liuzwe kabla halijamwua."

"Amesema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa machozi, mzee."

Akakimbia kuzunguka nyumba, akiruka kidimbwi cha mvua.

"Dada, mzee anasema amechoka. Anasema gari liuzwe kabla halijamzika."

"Baba? Amesema hivyo?"

"Kwa machozi."

"Baba alie?" Elina aliacha kuosha sufuria. "Mbele yako?"

"Machozi ya kiume, dada. Yalibaki ndani."

Alizunguka mara nyingi. Kila upande ulipoonyesha mashaka, upande wa pili ulikuwa umeshakubali. Mzee alipouliza kama kweli moyo wa silinda hauwezi kushonwa, Ackson alisema mkamwana ameuliza hivyohivyo, ametoka kujibiwa, na amelia tena. Mwisho wote wawili walisema neno moja, "Tulifikirie usiku huu," na Ackson akapanda bodaboda kurudi mjini, matope hadi magotini, akiimba. Alimpigia simu mwenye hoteli kumwambia aanze kununua maua.

*

Hapa ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la mtu wa mjini. Alidhani watu wasiosemezana hawana habari za kila mmoja. Lakini chumvi ikiisha inabidi ijulikane. Bomba likipasuka haliwezi kumsubiri Mama Esnath arudi. Mama Esnath alibeba mambo makubwa, ya misiba na harusi. Mambo mengine yote yalipita kwa ng'ombe.

Kila jioni, wakati wa kukamua, Mzee Nsajigwa aliingia bandani akamsimulia ng'ombe wake Tabasamu mambo ya siku, kwa sauti kubwa kama ilivyo kawaida ya wazee. Upande wa pili wa ukuta wa mabanzi, Elina aliwarushia kuku mahindi na kuwasimulia ya kwake. Hakuna aliyesemezana na mtu. Mila haikuguswa hata ukucha. Kama kuku walisikia ya ng'ombe, hayo ni ya kuku.

"Tabasamu," alianza mzee jioni hiyo, maziwa yakilia ndani ya ndoo, "leo nimesikitika. Sikujua mkamwana wangu amechoka kiasi hiki. Ameomba gari liuzwe, tena analia."

Nyuma ya ukuta, mahindi yaliacha kumwagika.

"Nyie kuku," alisema Elina, "mimi nimelia saa ngapi? Nimeambiwa baba ndiye kalia. Kwa ndani."

Maziwa nayo yakaacha kulia.

"Tabasamu, mara ya mwisho mimi kulia ni ile siku uliponikanyaga mguu. Na nililia kwa nje. Kwani nani kasema liuzwe?"

"Si mimi, kuku."

"Wala mimi, Tabasamu."

Tabasamu aligeuza shingo kumtazama mzee, akaona ni mambo ya kifamilia, akarudi kwenye majani yake.

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, lakini akifika alikuwa amefika. "Mtu hanunui maiti, Tabasamu, isipokuwa anajua itafufuka."

"Kuku, mimi nashika usukani wa lile gari na sijui linaumwa nini. Yeye alilisikia mara moja tu, macho yakamng'aa. Anajua."

"Anajua, Tabasamu."

"Na maparachichi ya Ijumaa, kuku?"

Mvua iligonga bati. Kisha Mzee Nsajigwa akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, mpaka akaisukuma ndoo na Tabasamu akampiga mkia wa shavu.

"Tungemwacha aifufue," alimwambia ng'ombe.

"Tena kabla ya Ijumaa," Elina aliwaambia kuku.

*

Asubuhi Ackson alikuta uwanja umefagiliwa na nyuso zimekubali. Nyuso hizo zilikuwa pande mbili za nyumba, kama kawaida, naye akaanza kuzunguka.

"Nimekubali," alisema mzee. "Ila babu yangu hakuwahi kuuza ng'ombe wa kubebwa. Kinachouzwa kwangu hutoka kwa miguu yake. Mwambie hivyo mkamwana."

Akaenda, akasema.

"Baba kanena vema," alijibu Elina. "Na chombo cha kazi hakitoki kitupu, ni mkosi. Kitoke na mzigo wangu mpaka Kiwira. Hukohuko tuuziane mbele ya Bi Mwanaheri, msimamizi wa kikundi. Mwambie hivyo baba."

Akaenda, akasema. Mzee akaitikia kwa uzito. Kisha akauliza kwa upole, "Ila si ulisema silinda imepasuka moyo?"

"Nitaufunga bandeji, mzee. Ifike Kiwira tu."

Ackson alipima moyoni. Gari lazima lipone, apende asipende, kwa ajili ya mwenye hoteli. Kubeba maparachichi mara moja ni jambo dogo. Alikunja mikono ya shati na kufungua boneti kwa nia njema, au kwa nia iliyoazima nguo za nia njema.

Na hapa inafaa tumtazame vizuri, maana alikuwa anapendeza. Injini ya kabureta inataka vitu vitatu, moto, mafuta na hewa, na Ackson, ingawa jibu alikuwa nalo tangu sokoni, aliviuliza kimoja kimoja bila haraka. Alianza na moto. Injini ikiwa inawaka, alichomoa waya wa plagi ya kwanza, akarushwa na umeme, akasema neno lisiloandikika. Injini ikazidi kutetemeka. Akaurudisha. Akachomoa wa pili, wa tatu, wa nne, na kila mmoja injini ililalamika vilevile. Maana yake silinda zote zilikuwa zinafanya kazi, hata ile iliyopasuka moyo. Akaenda kwenye mafuta. Alifungua kabureta, akasafisha kibakuli chake, akapuliza vitundu mpaka mashavu yakamwuma. Ilipowaka tena ilikuwa bado inamisi, inaruka mapigo, ikiwa imetulia. Ukikanyaga mafuta inanyooka, ukiachia inakohoa. Ilibaki hewa. Akaomba maji ya sabuni.

"Ya kuoshea mgonjwa?" aliuliza Elina kutoka jikoni.

"Ya kuoshea kidonda, dada."

Akayamimina kidogo kidogo kuzunguka kitako cha kabureta. Ghafla maji yakafyonzwa kwa mluzi, na kwa muda mfupi injini ikatulia kabisa. Pale! Gasketi ya chini ya kabureta ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele, na hewa isiyoalikwa ilikuwa inaingilia hapo.

Alikwenda Tukuyu kwenye mvua, akanunua gasketi kwa mfuko wake, na plagi nne mpya kwa kuwa mlima na mzigo si mchezo. Akarudi kwenye mvua, akafunga, akakaza, akawasha. Pikapu ilikaa sailensa, inawaka yenyewe bila kukanyagwa mafuta, wala haikutikisa glasi ya maji aliyoiweka juu ya boneti. Ackson alisahau kila kitu. Alisimama pale, uso umejaa grisi, akitabasamu kama baba wa mtoto mchanga, na kwa kitambo hicho alikuwa mtu mwema kabisa. Kilipita.

*

Ijumaa maparachichi yalipakiwa mpaka juu. Mzee alitangulia kwa bodaboda. Ackson aliendesha mwenyewe, Elina kando yake, na pikapu ilipanda vilima vya Kinyala bila kukohoa hata mara moja. Kiwira, Ackson alishusha kreti kwa mikono yake, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda Mbeya. Bi Mwanaheri, mwanamke mwembamba mwenye mtandio wa kijani, alikagua tunda moja moja.

"Mzigo safi, Elina. Nafasi yako iko palepale. Na gari limepona!"

"Mshukuru huyu kaka."

Ackson aliinama kidogo. Hakuzima injini. Huenda ulikuwa mkono wa Mungu, huenda majivuno tu. Alitaka kila mtu asikie ile sailensa. "Sasa, Bi Mwanaheri, utushuhudie jambo dogo. Wenye gari wananiuzia."

"Hakuna shida. Wako wapi?"

"Mzee yule pale kwenye duka. Mama ni huyu."

"Kaka," alisema Elina kwa sauti ndogo, "niruhusu niushike usukani mara ya mwisho. Niuage."

"Aga, dada, aga." Ackson alimfungulia mlango mwenyewe. Huruma haikumgharimu kitu.

"Basi waje wote wawili mbele yangu," alisema Bi Mwanaheri, "kila mmoja aseme kwa mdomo wake kwamba anauza. Mimi sishuhudii maneno ya kuletewa."

"Aa, hapo kuna jambo," alisema Ackson. "Wao ni mkwe na mkamwana. Mimi ndiye mtu wao wa kati."

"Mtu wa kati awe mnunuzi? Hiyo mpya. Waje."

Ackson aligeukia dukani, akapaza sauti. "Mzee! Sogea tu kidogo! Mila siku hizi si ya kushikilia sana!"

Mzee Nsajigwa alisimama polepole. Watu wa genge la pembeni wakageuka. "Kijana, si wewe uliyesema mila ndiyo mzizi wa mtu?"

Hayo aliyasema kwa Elina sokoni, siyo kwa mzee. Jambo hili lilipita kichwani mwa Ackson haraka sana, kama panya, na hakuwahi kulikamata.

"Nilisema, mzee, lakini..."

"Sawa. Mimi ni mzee mtiifu. Nimeitwa, naja." Akashika fimbo, akaanza kutembea moja kwa moja kuelekea kwenye pikapu.

Elina alimwona kwenye kioo. Mkamwana aliyelelewa vizuri, akimwona baba mkwe anakuja, anakimbia. Mila inasema akimbie. Haisemi akimbie kwa miguu. Alijifunika uso kwa kanga kwa heshima yote, akabakisha jicho moja la barabara, akaingiza gia.

"Dada! Dada Elina!"

Mzee aliongeza mwendo. Pikapu nayo ikaongeza mwendo. Ackson alikimbia katikati yao, akiita mbele na nyuma, kazi aliyokuwa ameshaizoea, mpaka pikapu ilipokata kona ya kwenda Kinyala ikinguruma kwa utulivu wa ajabu, na sanduku lake la spana likiwa nyuma.

"Mzee! Mwambie arudi!"

"Mimi nimwambie mkamwana wangu?" Mzee Nsajigwa alishika kifua. "Bi Mwanaheri, umemsikia huyu?"

"Nimemsikia. Astaghfirullah."

"Gasketi yangu! Plagi zangu nne! Vifaa vyangu!"

"Madai ya haki kabisa," alisema mzee. "Apelekewe mkamwana. Ila apelekewe kwa utaratibu, na mtu wa kati."

"Mtu wa kati ni nani?"

"Si wewe?"

Genge zima liliangua kicheko. Mwanamke mmoja alilazimika kuweka chini sahani ya maandazi. Simu ya Ackson ikaanza kuita. Alikuwa mwenye hoteli, bila shaka amesimama katikati ya maua. Ackson aliitazama ikiita mpaka ikachoka. Kisha, kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza na hakuna la kufanya, naye akacheka kidogo.

Mama Esnath aliporudi kutoka Mbeya alipewa kazi rasmi: ampelekee Ackson, Msasani, sanduku lake, gharama yake ya gasketi na plagi, kiroba cha maparachichi, na salamu za *ndaga fijo*, asante sana, kutoka pande zote mbili za nyumba. Kila kifaa kilikuwemo ndani ya sanduku, ila kile kipimo cha daktari.

Hicho kinaning'inia bandani. Jioni wakati wa kukamua, Mzee Nsajigwa hukitia masikioni, akakigusisha ubavuni mwa ng'ombe, akafumba macho.

"Yule kijana ana sikio zuri sana, Tabasamu," husema kwa sauti kubwa. "Alisikiliza kila kitu kwenye boma hili. Akakusahau wewe."

Na nyuma ya ukuta, kuku husikia mtu anacheka.